Kitambaa cha Meza Juu ya Paa

Sogeeni, wanangu. Nesi, acha kunishika mkono kila dakika ukitafuta mapigo. Moyo bado upo, ukisimama utajua tu, huna haja ya kuuvizia. Urudisheni mlango lakini msiufunge kabisa, maana mjomba wenu yuko sebuleni, amekaa na kofia yake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, na sitaki ajione kafungiwa nje. Sitaki pia asikie kabla ya wakati wake. Nina maneno, na pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimia, kwa hiyo asinikatize mtu, na Mwalimu nakwambia wewe hasa, maana tangu uanze kufundisha watoto wa watu umesahau kwamba kuna mtu aliyekufundisha wewe kusema.

Niyamalize kwanza mepesi. Duka la dobi ni la Kitinda, na nyumba hii pia ni ya Kitinda, na sitaki minong'ono jikoni nikishafukiwa. Yeye ndiye aliyebaki, ndiye aliyesimama na mimi mbele ya pasi mpaka miguu ikatuvimba, wakati ninyi wawili mnakuja likizo kwa likizo na mifuko ya matunda na kuondoka kabla nguo za Jumatatu hazijaloweka. Mwalimu, wewe ulipata shule, na shule ile ilitoka kwenye kola za mashati ya watu nilizozisugua kwa mikono hii, kwa hiyo fungu lako ulishakula. Nesi, chukua cherehani na kabati la vioo, na usimuuzie mtu. Kama kuna mmoja wenu anayeona ameonewa, aone leo nikiwa hai, aniambie usoni. Hakuna? Basi hilo limekwisha.

Sasa lile zito. Tangu mko wadogo mmekuwa mkiniuliza kwa nini mimi, dobi mwenye paa bapa na jua la bure na upepo wa bure kutoka baharini, naanika nguo huku nyuma uani, kwenye kivuli cha ukuta, ambako shuka moja linataka siku mbili kukauka. Nikawaambia nina kizunguzungu, siwezi kusimama juu. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikufa akiamini nina kizunguzungu, na aliwahi kuninunulia dawa. Uongo mtupu. Ningeweza kucheza ngoma kule juu. Nimeshindwa kuitazama ile kamba, hivyo tu, na leo nitawaambia kwa nini, kisha mtafanya nitakalowaagiza, na mkilifanya nitakwenda; msipolifanya, sijui nitakwendaje.

Mnamjua babu yenu kwa lile jiwe la kumbukumbu kule bandarini na kwa hotuba za mjomba wenu za kila mwaka. Mimi nilimjua akiwa mtu. Alikuwa afisa wa jeshi la majini, mkuu wa meli ndogo ya doria, rangi ya kijivu, watu ishirini na wawili ndani, na hakuna aliyemwimbia nyimbo wakati huo, maana kazi yake ilikuwa kama ya bawabu. Mdomoni mwa bandari kulikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia nyambizi za adui, na yeye ndiye aliyekuwa akiufungua meli zikitoka na kuufunga zikishapita, halafu anazitangulia mpaka maji ya kina. Nyumbani alikuwa mtu wa kukaa kwenye kizingiti cha mlango akikata kucha, akinuka mafuta ya mashine hata baada ya kuoga. Alikuwa anakula taratibu mno, mpaka mama yangu anamuuliza kama anahesabu punje.

Nyumba ilikuwa hii hii. Kutoka juu ya paa unaiona bandari yote, na yeye kutoka kwenye meli, kwa darubini, alikuwa analiona paa letu. Basi walikuwa na mpango wao, yeye na mama. Mama alikuwa na kitambaa cheupe cha meza, amekipiga pindo la buluu kwa kitambaa cha suruali kuukuu ya kijeshi. Baba akiwa nyumbani, kitambaa kiko mezani, tunakula juu yake. Akiwa baharini, kitambaa kiko juu ya paa kwenye kamba, ili akipita pale kwenye wavu atazame, akione, ajue tupo na tuko salama. Majirani walidhani mama ana wazimu wa kufua kitambaa kimoja kila siku. Mama akawaacha wadhani.

Vita ilipofika kwetu nilikuwa na miaka tisa, mkubwa wa watoto watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume wa miaka mitano, na kichanga wa miezi saba aliyekuwa mgongoni kwangu karibu kutwa nzima. Nakumbuka karatasi tulizobandika msalaba kwenye vioo vya madirisha. Nakumbuka shule yetu ikigeuzwa hospitali, na dawati langu, lile lenye alama ya kisu, likitolewa nje likapasuliwa kuni mbele ya macho yangu, na mimi nililia kwa ajili ya dawati kuliko nilivyolia kwa ajili ya watu. Nakumbuka foleni ya maji. Nakumbuka harufu ya handaki chini ya nyumba ya jirani, watu arobaini na ndoo moja. Watu wakikuambieni watoto hawaelewi vita, wakatalieni. Tulielewa kila kitu isipokuwa kile tulichokuwa tukifanya wenyewe.

Mara ya mwisho baba alikuja mchana, akakaa saa moja tu. Kitambaa kikatolewa juu kikatandikwa mezani, kina joto la jua bado. Alisema kuna meli kubwa itawachukua wanawake na watoto, na amepata vibali vinne, mama na sisi watatu. Yeye hawezi kushuka tena kutoka melini, kwa hiyo vibali vitaletwa na Baba Mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, aliyekuwa karani katika ofisi ya bandari. Siku tutakayoondoka tukitoe kitambaa, tusikirudishe. Akiona kamba tupu atajua tumo ndani ya meli ile, naye atafungua wavu. Kisha akanigeukia mimi, akanishika kidevu, akasema, "Kitambaa ni kazi yako na mama yako. Asikiguse mtu mwingine." Nilijiona nimekuwa askari. Hata usingizini nilikuwa nakilinda.

Nipeni maji kidogo. Kidogo, nimesema, Kitinda, hunioshi.

Siku nne baadaye, saa mbili asubuhi, mama alikuwa ameshuka kwenye foleni ya maji na mdogo wangu, maana kila kichwa kilipewa ndoo yake, hata kichwa cha miaka mitano. Mimi nilibaki na kichanga. Baba Mdogo akabisha hodi. Alikuwa amevaa koti lake la ukarani, penseli sikioni, na jasho lilikuwa linamtoka ingawa jua lilikuwa bado changa. Akaniambia nimwambie mama kwamba safari imeahirishwa, vibali havijatoka, pengine kesho, pengine keshokutwa, asiende popote. Nikasema nitamwambia. Akatazama juu. Akasema ndege za adui zimeonekana, na kile kitambaa cheupe kinaonekana kutoka mbali, wataipiga nyumba, kitolewe. Nikamwambia baba amesema asikiguse mtu ila mimi na mama.

Akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. Akasema, "Na wewe si ndiye mwenyewe? Basi kitoe wewe."

Nikapanda. Ngazi za nje ni kumi na saba, nilizihesabu siku ile na mtoto mgongoni na sijaacha kuzihesabu. Nikafungua vibanio vinne, nikakikunja vizuri pindo kwa pindo, kama nilivyofundishwa. Meli ya baba niliiona pale kwenye wavu, ndogo, imesimama, na kule gatini ile meli kubwa bado inapakia watu, inatoa moshi. Nikampungia mkono. Mnanisikia? Nilimpungia mkono. Baba Mdogo alisimama uani mpaka aliponiona nimeshuka na kitambaa mikononi, ndipo akatoa biskuti mfukoni akanipa, akanipapasa kichwa, akaenda zake mbio mbio.

Biskuti ilikuwa na sukari juu. Wakati ule hatukuwa tumeonja sukari kwa miezi miwili, na niliila taratibu, kama baba anavyokula. Ilipokwisha ndipo hofu ikanijia. Si hofu ya ndege. Hofu ya mama. Akirudi aone kamba tupu, atauliza nani amekigusa, na mimi nitasema nini? Nikasikia honi ndefu ya meli kubwa. Nikasubiri, nikasita, nikambembeleza kichanga, halafu nikapanda tena nikakianika upya, vibanio vile vile vinne, hata pindo nikalinyoosha. Nilipoinua macho, meli zilikuwa zimeshapita wavu, ya baba mbele, ile kubwa nyuma yake, na hakuna mtu anayetazama nyuma kwa darubini akiwa anatazama mbele adui yuko wapi. Muda mfupi baadaye nikasikia kishindo. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mlango mzito umefungwa katika nyumba ya pili.

Mama akarudi na ndoo yake. Kabla ya kutua ndoo akatazama juu, kama kawaida yake, akakiona kitambaa kipo, akaingia ndani. Mimi nikampa ujumbe wa vibali. La kitambaa sikusema.

Siku ya tatu akaja afisa na karatasi. Alisimama pale pale mlangoni ambapo baba alikuwa akikata kucha. Alieleza kwamba nje ya bandari nyambizi ilikuwa imejificha, ikatupa kombora lake la chini ya maji kuelekea ile meli ya abiria, na mume wako, mama, aliigeuza meli yake akaiweka katikati. Watu zaidi ya mia tisa walipona. Katika ishirini na wawili wa meli yake waliokotwa watatu. Mama hakulia. Alimuuliza afisa swali moja tu, kama asubuhi ile palikuwa na ukungu. Afisa akashangaa, akasema hapakuwa na ukungu, palikuwa peupe kabisa. Mama akasema, "Basi alikiona."

Yule afisa hakuelewa. Mimi nilielewa nusu, na nusu ile ilinitosha kunyamaza. Mama aliamini, na alikuwa na haki ya kuamini, kwamba mumewe alitazama paa, akaona kitambaa, akajua mke na watoto wake wamebaki mjini chini ya mabomu, kisha akaenda akafa kwa ajili ya watu asiowajua hata kwa sura. Vibali vinne tu, alikuwa akisema, karatasi nne, afisa mzima ameshindwa kupata karatasi nne, lakini kufa ameweza. Aliigeuza picha yake ikatazama ukuta. Kitambaa akakikunja akakitupa chini kabisa ya sanduku, na tangu siku ile tukala juu ya mbao tupu, na nyinyi nanyi mmekula juu ya mbao tupu mkidhani ni umaskini.

Kichanga alikufa mwezi wa tatu, kule handakini. Alikohoa siku tisa, na ya kumi hakukohoa. Nesi, usilie, yule ungemtibu wewe kwa chupa moja ya dawa, najua, ndiyo maana sikuwahi kukuambia kwamba alikuwepo.

Vita ikaisha, Baba Mdogo akarudi, yeye, mkewe na watoto wawili, wote wamenenepa. Ikasemekana ofisi yake iliwahamisha. Mama hakuuliza sana. Mtu aliyechoka hana maswali. Na nimpe haki yake, hakututupa. Alitengeneza bomba letu, alinitafutia kazi yangu ya kwanza ya kufua mashuka ya mabaharia, alikuja kila wiki akakaa kwenye kiti kile kile, akashindwa kila wiki kumaliza chai. Jiwe la kumbukumbu lilipowekwa, yeye ndiye aliyeweka shada la kwanza, na akaendelea kuliweka kila mwaka, na sauti yake ilikuwa ikikatika katika hotuba pale pale anapofika kwenye neno "kaka yangu", mpaka watu wakawa wanalisubiri neno lile ili nao walie. Mama hakwenda hata mara moja. Siku ya bendi alikuwa anafunga madirisha yote na kuwasha moto jikoni ili kuni zipige kelele.

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndipo nilipovunjika. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, duka nimeshalifungua. Akaingia mzee mmoja mwenye mguu wa kuburuta, analeta koti la jeshi la majini lililochoka, anataka lisafishwe kwa ajili ya siku ya kumbukumbu. Nilipomwandikia hati yake akanitazama sana, akauliza kama mimi ni mtoto wa fulani. Alikuwa mmoja wa wale watatu. Alikuwa mpiga ishara wa baba yangu. Alifurahi mno kuniona, maskini, akavuta kiti, akanieleza kama mtu anayekupa zawadi.

Akasema asubuhi ile baba alisimama na darubini tangu alfajiri, na hakutaka kufungua wavu. Meli kubwa inapiga honi, makao makuu wanapiga kelele kwenye redio, yeye anasema bado. Mabaharia wakaanza kutazamana. Halafu akashusha darubini, uso umemfunguka kama wa mtu aliyetua mzigo, akasema, "Kamba tupu. Wamepanda. Fungueni." Na walipokuwa nje, mstari mweupe wa kombora ulipoonekana majini unaifuata meli ya abiria, hapakuwa na muda wa amri wala majadiliano. Alimsukuma mshika usukani pembeni, akaugeuza kwa mikono yake mwenyewe. Alisema neno moja tu. Alisema, "Wanangu wamo mle."

Kisha yule mzee akanishika mkono juu ya kaunta, akatabasamu, akaniuliza, "Mlifika salama?"

Nikamwambia tulifika.

Wiki ile ile nikaenda kwa Baba Mdogo. Alikuwa amepanda cheo, ana meza kubwa yenye kioo juu. Sikukaa. Nikamwambia yote, na hakukataa hata moja. Alisema makarani walikuwa wameamriwa kubaki, na mkewe alikuwa analia kila siku, na vibali vilikuwa vinne, na wao walikuwa wanne, na kimoja alikibadilisha mwenyewe kiwe cha mwanamume. Alisema kaka yake asingefungua wavu mpaka kamba iwe tupu. Alisema alidhani meli itafika salama na kaka yake atarudi jioni, na yeye angemwandikia barua, angeomba msamaha. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Halafu akainua macho, na hakuwa na hasira, hilo ndilo baya zaidi, alisema kwa upole kama anayenikumbusha mwavuli niliousahau, "Mimi nilisema tu. Aliyekitoa ni wewe."

Akaniuliza kama nimemwambia mama. Nikasema bado. Akasema, "Basi." Nikatoka. Tangu siku ile mpaka alipokufa tulikuwa wezi wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake. Akiweka shada, mimi nipo nyuma nimeshika mkoba. Watu walisema, angalieni ukoo ulivyoshikamana.

Mmedhani ninayemchukia zaidi ni yeye. Hapana. Mama yangu aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile. Miaka kumi na moja nilimchana nywele, nilimfulia, nilimlisha alipopooza mkono, na kila mwaka alifunga madirisha asisikie bendi. Ningefungua kinywa mara moja tu nikasema, mama, alidhani tumo ndani. Basi. Angempata mume wake. Angeigeuza ile picha. Lakini angeniuliza, alidhanije? Na mimi ningelazimika kusema. Kila asubuhi nilijipiga moyo konde, na kila jioni nikalala nimenyamaza, mtu mzima, mama wa watoto, namwogopa mama yangu kwa ajili ya kitambaa cha meza. Alikufa akiniusia nisimzike karibu na jina la baba. Nikatii. Ndiyo maana kaburi lake liko peke yake kule mwisho, na mmekuwa mkiniuliza kwa nini. Baba Mdogo aliiba nafasi nne za meli. Mimi niliiba kilichobaki, na sikuwa na njaa wala vita ya kusingizia.

Mdogo wangu naye amekufa mwaka juzi bila kujua. Nimebaki mimi na huyu aliyeko sebuleni, mtoto wa Baba Mdogo, aliyerithi ile hotuba.

Mwalimu, nimekuona unasimama. Kaa chini. Hutamgombeza mtu mwenye miaka themanini kwa kosa alilofanyiwa akiwa na mitano. Siku ya harusi ya Nesi alinihadithia kichekesho cha utotoni, eti walipokuwa wanapanda meli babake alimfundisha aitikie jina la mdogo wangu, na yeye akadhani ni mchezo, akawa anaitikia kwa sauti kubwa mpaka mabaharia wakacheka. Meza nzima ilicheka. Mimi nilikwenda nyuma nikatapika, mkasema nimekula sana. Yeye alitumwa na babake, mimi nilitumwa na babake. Tofauti ni kwamba yeye hajui mpaka leo, na mimi sitaki afe mjinga kama mama yangu. Nimemwita kwa ajili hiyo.

Sikilizeni maagizo, sauti inanikimbia. Jeshi watakuja na bendera ya kufunika jeneza, maana mimi ndiye mtoto pekee wa shujaa aliyebaki. Washukuruni, waambieni wairudishe. Nizikeni pembeni ya mama, kule mwisho, na kwenye jiwe letu liandikwe jina la baba pia, herufi zinazolingana na zetu. Mimi ndiye niliyewatenganisha. Hotuba ya mwaka huu isomwe, lakini yasomwe haya niliyoyasema, yote, na la biskuti pia. Mwalimu utayaandika. Usiyapambe.

Nishani ya baba iko dukani, ndani ya kopo la wanga, rafu ya juu. Mpeni mjomba wenu. Mnatoa macho? Imeandikwa ni ya mtu aliyewafia waliokuwa melini. Waliokuwa melini ni wao. Ni yake kwa haki, na aibebe, ni nzito kuliko inavyoonekana.

Na kitambaa. Kiko chini ya mto wangu, Kitinda, vuta. Usiogope, vuta. Nilikifua mwenyewe mwezi jana, na njano ile haitoki, nimejaribu kila kitu. Haya, muiteni.

Ingia, kaka. Usikae. Umesikia, nimekiona kivuli chako mlangoni muda mrefu. Ule mlango sikuusahau wazi. Usiseme kitu, huna la kusema na mimi sina pa kuliweka. Shika hiki. Vibanio ni vinne. Baba yako alikitoa kwa mkono wangu, sasa wewe kipandishe kwa mkono wako. Ngazi ni kumi na saba, najua goti lako, panda polepole, hakuna ndege. Nesi, usimshike. Aende mwenyewe.

Fungueni dirisha nisikie.

Wanangu, radhi zangu mnazo, nyote watatu, hata wewe Mwalimu. Mungu awape vinywa vyepesi. Mkikosa, semeni siku ile ile, kabla chakula hakijapoa. Msilale na neno la mtu kifuani. Mkishanizika kitoeni kule juu, kipigeni pasi, wanga kidogo tu, mkitandike mezani, mle juu yake, mchafue, mwagieni mchuzi. Kikiwa mezani maana yake amerudi.

Tisa. Kumi. Anapumzika. Mwacheni apumzike.

Kumi na tano.

Kitinda, nenda uani utazame, uniambie. Sema kwa nguvu, sisikii vizuri. Kiko juu? Pindo limenyooka?

Basi tupo, Baba. Tupo nyumbani. Hatukupanda.